Maji ya Ilowelo na Kinyungu cha Mama Nzunda

Siku yangu ya kwanza kazini nilizama. Nasema nilizama kweli, mguu wa kushoto mpaka pajani, katika tope la bonde la Ilowelo, huku nimevaa viatu vya kanisani. Barua ya ajira ilisema niripoti kituoni saa moja na nusu asubuhi. Haikusema kwamba kituo chenyewe ni kibanda kimoja cha mabati na kwamba kazi iko bondeni. Nilikuwa nimetoka kwetu Isongole jana yake, cheti changu cha misitu nimekifunga ndani ya khanga kisikunjike, na nilijiona msomi.

Bwana Halinga, aliyekuwa msimamizi wangu, alisimama juu ya kichaka cha matete hatua chache kutoka kwangu, akanitazama bila haraka yoyote.

"Usivute mguu," alisema. "Lala."

"Nilale wapi?"

"Hapo hapo. Lala chali kama uko kitandani. Ukihangaika utazidi kwenda chini."

Nikalala na gauni langu jipya. Ukungu ulikuwa umetanda chini kabisa, sioni mlima wala mti, naona weupe tu. Ardhi ilikuwa inapanda na kushuka kidogo sana chini ya mgongo wangu, kama tumbo la mtu aliyesinzia, na nikasikia maji yanapita humo ndani polepole. Korongo akalia mahali fulani, mwingine akamjibu. Sijui nilikaa pale muda gani. Mguu ulipanda wenyewe, kiatu kikabaki chini. Bwana Halinga akanipa ufito wake niushike, akanivuta pembeni, akaniuliza kama nimekunywa chai. Ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kazi.

Ninyi mliobaki ofisini mmeniomba niandike niliyoyaona, na mnataka mambo ya vyeo na semina. Vyeo mtavikuta kwenye jalada langu, na semina zote zilikuwa na soda ileile. Mimi nitawaandikia bonde.

Wengi wenu mmeliona Ilowelo likiwa na njia ya mbao na kibao cha kukaribisha wageni, mkadhani limekuwa hivyo siku zote. Nilipofika mimi hakukuwa na njia. Lilikuwa bonde refu chini ya mashamba ya kahawa, upande wa Igamba, linapokea vijito vitatu na kuachia kimoja. Udongo wake mweusi kama machicha ya kahawa, na hauna jiwe hata moja. Ukirukaruka upande huu, nyasi za upande wa pili zinatikisika. Kina mama walikuja kukata milulu ya kusukia mikeka, wakakata kiasi chao, wakaondoka. Hakuna aliyelima katikati kwa sababu hakuna aliyeweza kusimama katikati.

Chombo chetu kikuu cha kazi kilikuwa bomba la plastiki lenye matobo, refu kuliko mtu, limezamishwa wima kwenye udongo hadi likabaki na kichwa tu. Maji ya bonde yanaingia kwa matobo na kusimama humo usawa wake wa kweli. Kila Jumatatu unaingiza ufito mkavu, unautoa, unapima ulipolowa, unaandika. Kazi ya dakika tano. Bwana Halinga aliifanya nusu saa, kwa sababu kwanza alikaa chini akasikiliza. Nilimuuliza anasikiliza nini. Akasema hajui bado. Nilimcheka moyoni, maana nilikuwa na cheti. Baada ya mwaka mmoja nami nikawa nakaa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, tuimalize mapema. Lilikuja agizo la kupanda miti. Kila kijiji kiwe na kitalu, kila kaya ipande, na mche uliokuwepo kwa wingi ulikuwa mlingoti, yaani mkaratusi. Mlingoti unakua haraka, unatoa nguzo, unatoa kuni, na kwenye taarifa unahesabika vizuri. Bwana Halinga aliangalia viroba vya miche, akauliza, "Hii inaenda bondeni?" Nikamwambia ni agizo. Akauliza tena, kwa upole, kama nimewahi kuona mlingoti unavyokunywa maji. Nikamwambia tena ni agizo. Nilikuwa kijana, nililipenda sana neno hilo.

Nikaigawa kwa mikono yangu. Mmoja wa waliopokea alikuwa mwanamke wa rika langu, Mama Nzunda, ameolewa karibuni, mtoto mgongoni. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya matete. Nilimwambia apande karibu na chemchemi, panalowa vizuri. Alipanda kwa mstari ulionyooka kuliko wote, nikamtolea mfano kwa wenzake.

Milingoti ilikua, na bonde likaanza kurudi nyuma. Halikukauka kwa siku moja, hapo ningeshtuka. Ufito ulilowa chini kidogo mwaka huu, chini kidogo mwaka unaofuata. Palipokauka, watu waliingia na majembe. Ndivyo vilivyokuja vinyungu. Kwa msomaji wa mbali nieleze: kinyungu ni bustani ya kiangazi, ya bondeni. Unachimba mfereji wa kutoa maji, unainua tuta, unapanda maharage na mahindi ya kuchoma wakati mashamba ya juu ni vumbi tupu. Mtu mwenye kinyungu anakula mboga mwezi wa tisa. Siwezi kuwalaumu. Lakini kila mfereji ulikuwa mshipa uliokatwa, na mwishowe Ilowelo likawa uwanja mweusi wenye nyufa, unaofuka moshi wakati wa kuchoma majani. Korongo wakaacha kuja. Chemchemi ya chini, inayotumiwa na vijiji viwili, ikawa inatoa maji asubuhi tu.

Bwana Halinga alistaafu kipindi hicho. Aliniachia madaftari ya vipimo, mafungu matatu yamefungwa kwa kamba ya mkonge, na hakuniachia ushauri wowote. Niliyasoma jioni baada ya jioni. Ukisoma kwa haraka, ukurasa baada ya ukurasa, unaona maji yanashuka kama mtu anayeteremka ngazi. Nililia, nasema ukweli, kwa sababu mwandiko wa nusu ya kurasa zile ulikuwa wangu.

Miaka ikapita mingi kabla ya mpango wa kulirudisha bonde kuja. Ulikuja na watu wema waliovaa fulana zinazofanana. Walitaka Ilowelo liwe eneo la asili la wananchi wote, mahali wanafunzi watafundishwa, wageni watembee, na hakuna mtu atakayeligawa tena. Nilikubaliana nao kabla hawajamaliza sentensi. Kilichobaki kilikuwa wenye vinyungu.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa kwenye darasa la shule, watu hadi madirishani. Mwenyekiti alieleza, mtendaji akaeleza, mimi nikaeleza. Kisha Mama Nzunda akasimama. Mumewe alikuwa amefariki, na watoto wanne walikuwa wamesoma kwa maharage ya kinyungu kile, aliyokuwa akiyapeleka Tunduma kwenye magunia hadi wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka wakamzoea, wakawa wanamwita mayo kama mama yao mzazi.

"Bibi miti," aliniambia mbele ya watu wote, "ulinipa milingoti ukasema itanifaa."

"Nilikosea, mama."

Waliokuwa madirishani wakaingiza vichwa ndani. Nadhani hawakuwahi kusikia mtu wa serikali akitamka neno lile.

"Sasa unataka nifukie mifereji. Kinyungu changu kipo pembeni. Maji yakirudi yatakifikia?"

"Hayatakifikia. Nimepima. Nitapigilia vigingi vyeupe, maji hayatavipita, na chako kitakuwa nje ya vigingi. Cha kwako kitabaki."

"Umepima na nini?"

"Na kamba na pima maji. Nimepima mara mbili."

Kisha akasema, "Basi mimi nafukia," akakaa. Baada yake wengine wakanyoosha mikono mmoja mmoja, wengi wao wakiwa na vinyungu katikati kabisa, vya kupotea vyote. Walimfuata yeye, hawakunifuata mimi. Mkutano ukatoa sharti moja: misimu miwili ya mvua. Kama mwisho wa kiangazi cha pili bonde litakuwa limekauka tena, kila mtu arudi kwenye tuta lake na mpango ufe.

Tulianza na milingoti. Kukata ni rahisi, kuua ndiyo kazi. Kisiki cha mlingoti ukikigeuzia kisogo kinachipua. Tulichuna magome, tukafunika kwa udongo, tukarudi baada ya wiki mbili kuvunja machipukizi kwa mikono. Watu walinitania. "Bibi miti anaua watoto wake," walisema, na mimi nikacheka nao kwa sababu ilikuwa kweli. Ile ya Mama Nzunda niliivunja machipukizi mwenyewe, miezi yote.

Kisha mhandisi wa mpango, kijana mpole aliyetoka mbali, akajenga ukuta wa mawe na saruji kwenye mfereji mkubwa wa chini, pale bonde linapoachia maji. Ukuta mzuri, umenyooka. Mvua ziliponyesha maji yalifika pale, yakasimama kama yanafikiri, kisha yakapita chini yake. Udongo ule mweusi haubebi jiwe. Ukuta ulianza kuinama taratibu, na kufikia mwezi wa nne ulikuwa umelala ubavu. Msimu wa kwanza ukawa umekwenda.

Siku hiyo Mama Nzunda alikuja na jembe begani, akautazama ukuta.

"Nani alianzia chini?" aliuliza.

Mhandisi akasema yeye.

"Mwanangu, mimi nimechimba mifereji hii tangu mtoto wangu wa kwanza hajaanza shule. Mfereji unafungwa kuanzia juu, palipo na maji machache. Ukifunga chini kwanza unapigana na bonde zima." Akashuka mtaroni, akakata bonge la matete na mizizi yake, ukubwa wa tofali kubwa. "Na haufungwi kwa mawe. Unafungwa kwa nyama yake. Mizizi unaielekezea maji yanakotoka. Halafu mnakanyaga."

Ndivyo wenye vinyungu walivyokuwa wakifunga mifereji kila mwaka kabla ya mvua, ili tuta lisibebwe. Miaka yote ile hakuna aliyewauliza, na mimi nilikuwa wa kwanza kati ya wasiouliza. Kijana yule mhandisi, namsifu, alifungua daftari akaandika kila neno.

Nikikumbuka kazi yangu yote, nakumbuka wiki zile za kukanyaga. Tulianza asubuhi, ukungu haujainuka. Wanawake walishikana mabega, kumi au kumi na wawili, wakipanda juu ya kizibo na kushuka, wakipanda na kushuka, kwa wimbo wa kusakafia nyumba, sauti ya chini. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona vichwa tu vikielea juu ya weupe, vinazama kidogo, vinapanda. Waliniita nikaingia katikati. Udongo ulikuwa baridi, kisha ukapata joto chini ya nyayo. Nyuma yetu maji yalikuwa yanajaa kimya kimya, hakuna anayeyaona yakija, unageuka tu unakuta yapo. Tulifunga mfereji wa juu, tukashuka kwa unaofuata, na kila tulipomaliza mmoja hakuna aliyetaka kuondoka. Tulikaa kwenye nyasi tukiyatazama. Mama mmoja akalala usingizi palepale na mdomo wazi, tukamwacha.

Mvua za msimu wa pili zilipokuja, vizibo vilishika. Ufito wangu ulilowa juu ya mstari wa mwaka uliopita, kisha juu ya mstari wa miaka mitano nyuma, na Jumatatu moja nikafungua moja ya madaftari ya zamani nikakuta tumefika ukurasa wa Bwana Halinga. Vyura walirudi kabla ya kila kitu. Usiniulize walikokuwa. Milulu ikachipua kwenye matuta ya zamani ya watu, mistari mistari, bado unaona bustani ilikuwa wapi. Nilitembea pale asubuhi kama mtu anayeota na anajua anaota, anaogopa tu kuamshwa.

Niliamshwa na kigingi. Kilikuwa kimebaki na kichwa cha upana wa kidole juu ya maji. Wiki iliyofuata sikukiona.

Hapa wasomi wenzangu msikilize, maana kosa hili mnaweza kulirudia. Nilipima bonde likiwa kavu. Udongo ule ukikauka husinyaa, na ukilowa huumuka kama unga wa maandazi. Bonde zima lilikuwa limeinuka, na maji yaliinuka pamoja nalo. Kamba yangu haikuwa na kosa, pima maji yangu haikuwa na kosa. Nilipima kitu kilicholala, nikaahidi kitakaa vilevile kikiamka. Bwana Halinga angeuliza swali lake la upole. Mimi sikuwa na mtu wa kuniuliza, na sikujiuliza.

Kinyungu cha Mama Nzunda kilianza kulowa pembeni, kisha katikati ya matuta. Maharage yalikuwa yameanza kufunga. Nilikwenda kwake asubuhi, sikupanga maneno, na njiani nikamkuta yeye anakuja, jembe begani. Hakunisalimia. Tukaongozana hadi kizibo cha mwisho, kile kilichokuwa kinainua maji upande wake.

"Hiki," nikamwambia. "Ukikata hapa maji yatatoka kwenye kinyungu chako kufikia kesho jioni. Kata, mama. Niliahidi."

"Na bonde?"

"Litashuka pia."

"Litafika mwisho wa kiangazi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilitaka sana kumdanganya. "Sidhani," nikasema. "Huu ndio msimu wa mwisho tuliopewa. Likishuka sasa, litakauka kabla ya mkutano."

Alishusha jembe begani, akalisimamisha kwenye kizibo. Miguu yetu wenyewe ndiyo ilikuwa imekikanyaga, mabonge yalikuwa yameshachipua majani mapya. Nilisimama pembeni, na sitawaficha, sehemu fulani ndani yangu ilikuwa inaomba asikate. Nilimwambia akate kwa mdomo, na moyoni nikaomba asikate. Hilo ndilo lililoniuma zaidi baadaye.

"Mkwe wangu anachota chemchemi ya chini," alisema mwishowe. "Jana amerudi na ndoo saa kumi jioni. Saa kumi, na ndoo imejaa."

Akaacha jembe pale pale, akakunja khanga, akaingia kwenye maji ya kinyungu chake na kuanza kung'oa maharage mabichi. Nikavua buti nikamfuata. Tuling'oa tuta baada ya tuta, maji yakifika magotini, ukungu ukiinuka polepole na jua likiingia hadi tukaona vivuli vyetu chini. Mwisho tulijaza vikapu viwili vya maganda membamba ambayo hayangeuzika popote, akavibeba kimoja kichwani na kimoja mkononi, akakataa nimsaidie.

Bonde lilifika mwisho wa kiangazi likiwa na maji. Mkutano ulikaa bondeni kwenyewe, wazee wakachovya ufito kwa zamu, wakauinua kuonyeshana. Ilowelo likatengwa liwe la wote. Njia ya mbao ikajengwa, wanafunzi wa shule ya Ruanda, Ruanda ya huku kwetu, wakaja kwa lori, wakatembea kwa mstari wakinong'ona, ingawa hakuna aliyewaambia wanong'one. Mwaka uliofuata korongo wawili walishuka. Wale wenye taji la manyoya kichwani. Walitembea kwenye majani kana kwamba waliondoka jana tu, kisha mmoja akafungua mabawa akarukaruka, na mwenzake akamjibu. Tulikuwa watu sita pale na hakuna aliyetoa simu. Nilihisi nimelala chali tena katika weupe ule, kijana, na hakuna lililoharibika.

Siku ya uzinduzi niliombwa nihutubie. Nilisifu mpango, nikasifu kijiji, nikamsifu mhandisi, nikaeleza vizibo vya matete hadi wageni wakapiga makofi. Mama Nzunda alikuwa amekaa safu ya tatu na kilemba cha bluu. Sikusema kwamba wageni wale walikuwa wamesimama juu ya kinyungu chake. Njia ya mbao inapita pale pale, pale penye kona, ambapo ninyi mnapenda kupigia picha. Na kwenye taarifa ya mwisho ya mpango kuna sehemu inayouliza madhara kwa wananchi. Niliandika: kidogo. Taarifa ilisifiwa. Niliona aibu, na nikaisaini.

Niliandika ombi la kinyungu mbadala, hilo nilifanya. Kuna ardhi ya kijiji upande wa magharibi, nje ya mpaka wa hifadhi, yenye unyevu wa kutosha kwa matuta mawili au matatu. Niliipima, safari hii wakati wa mvua. Ombi likaambiwa lisubiri kikao. Kikao kikaambiwa kisubiri ramani. Ramani ikaja, ombi likawa limepitwa na fomu mpya, nikaandika upya. Niliandika mara tatu. Kati ya hapo kulikuwa na wageni, kulikuwa na maonyesho, kulikuwa na korongo, na mimi nilikuwa bibi miti wa bonde linalosifiwa. Ni rahisi sana kulala usingizi mahali pazuri.

Wiki ya mwisho kazini nilikwenda kwake. Alikuwa uani anasuka mkeka wa milulu, milulu ya Ilowelo, maana kukata kwa kiasi bado kunaruhusiwa. Sasa ananunua maharage kwa wengine. Alinipa kigoda na kikombe cha chai, tukazungumza habari za wajukuu, na habari za magoti yetu. Kisha nikasema nililokwenda kusema.

"Mama Nzunda, nakuomba msamaha. Nilikuahidi mbele ya watu, na nikakosea. Na baada ya kukosea nikanyamaza."

Alisuka hadi mwisho wa mstari, akakata ncha kwa meno.

"Msamaha nilishakupa siku ile ile tukiwa kwenye maji," alisema. "Usingeingia na mimi, nisingekupa. Msamaha unao. Kinyungu ndicho sijapata."

Alisema bila hasira, kama mtu anayekumbusha kwamba chai inapoa. Nikamaliza chai yangu. Siku tatu baadaye nilikabidhi mhuri, ufunguo na buti.

Basi, wenzangu. Ufito uko nyuma ya mlango, msiuache ulowe mvua. Vizibo vya juu vikaguliwe kabla ya mvua za kwanza, vya chini baadaye. Machipukizi ya milingoti bado yapo karibu na chemchemi, vunjeni kwa mikono. Na kwenye kabati la pili, droo ya chini, kuna jalada la kijani lenye ombi la Mama Nzunda, ramani na vipimo vyote vimo ndani. Ana umri wangu, na kiangazi kinaanza. Mimi sina saini tena. Ninyi mnayo.